Acheni kuipiga nyundo

Ukipita mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, ukaulizia shiti za polikaboneti, ile plastiki angavu ya kuezekea, muuzaji atakutolea vitu viwili: kipande cha majaribio na nyundo. Kipande kitaegeshwa kwenye matofali mawili, kitapigwa, nyundo itaruka, kipande kitabaki kizima. Kisha atakukabidhi nyundo upige mwenyewe. Mteja akishapiga mara mbili tatu mbele ya watu, bei haijadiliwi tena, anatoa simu anatuma pesa.

Mimi plastiki hii nimeijua kwa pande mbili. Kwanza kiwandani, pembeni mwa Barabara ya Nyerere, nikiwa fundi wa mashine za injeksheni, zile zinazoyeyusha plastiki na kuisukuma ndani ya kalibu. Sasa nipo upande wa pili: nafunga mapaa ya vibaraza, maegesho ya magari na vitalu nyumba. Katika kazi zote nilizoitwa kwenda kutazama baada ya kuharibika, sikumbuki hata moja iliyovunjwa kwa kupigwa. Zimeuawa na unyevu, na jua, na thina, na skrubu iliyokazwa na fundi mwenye bidii. Nyundo inakuonyesha kile ambacho polikaboneti haina shida nacho hata kidogo, halafu unalipa ukidhani umeshaikagua.

Kwamba ni ngumu, ni ngumu kweli. Watengenezaji husema inahimili pigo mara 250 kuliko kioo cha unene ule ule, na uzito wake ni chini ya nusu ya kioo: gramu 1.2 kwa sentimita moja ya ujazo, wakati kioo ni 2.5. Mwanga inapitisha karibu asilimia 88. Inaanza kulainika kwenye digrii 147 hivi, kwa hiyo maji yanayochemka hayaipindishi. Hakuna plastiki nyingi angavu zenye sifa zote hizo kwa pamoja. Akriliki ni angavu zaidi na haichuniki upesi, lakini ipige uone.

Siri iko kwenye umbo la ndani. Polikaboneti ni minyororo mirefu ya molekuli iliyosokotana ovyo, mithili ya tambi zilizochemshwa zikamwagwa kwenye sinia. Kwa kuwa haijipangi safu kwa safu, mwanga unapita bila kutawanyika. Kwa kuwa ni mirefu na imenasana, ukiipiga inavutana na kuteleza badala ya kukatika. Naomba uikumbuke hiyo minyororo mirefu, maana karibu kila kifo cha polikaboneti nitakachokisimulia ni habari ya minyororo kukatwa ikawa mifupi, au kuvutwa ikaachwa hivyo hivyo bila kupumzika.

Historia yake nitaipitia haraka. Alfred Einhorn alipata kitu cha jamii hii München mwaka 1898, hakikumfaa kitu, akakiacha. Mwaka 1953 Hermann Schnell, mkemia wa Bayer kule Uerdingen, Ujerumani, akaipata polikaboneti tunayoijua leo. Wiki moja baadaye Daniel Fox wa General Electric, Schenectady, Marekani, naye akaipata, tena bila kuitafuta: alikuwa akihangaikia vanishi ya kufunika nyaya za umeme, mchanganyiko ukamgandia kwenye fimbo ya kukorogea, likawa bonge ambalo wenzake walilipiga na kulipigapiga lisivunjike. Unaona? Hata siku ya kwanza kabisa watu walikimbilia kupiga. Kampuni mbili hizo zilikubaliana mapema kwamba atakayeshinda hataza atampa mwenzake leseni. Bayer ikashinda. Wajerumani wakaiita Makrolon, Wamarekani wakaiita Lexan, na majina yote mawili bado yapo sokoni, ingawa wenyewe wamebadilika: plastiki za General Electric zilinunuliwa na SABIC ya Saudi Arabia mwaka 2007, na za Bayer tangu mwaka 2015 ziko chini ya kampuni inayoitwa Covestro.

Malighafi zake ni bisfenoli A, ambayo nitairudia tukifika kwenye chupa za maji, na fosjini. Fosjini ni gesi ile ile iliyoua askari wengi kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Ndani ya plastiki iliyokamilika haipo tena, imeshageuka sehemu ya mnyororo, ila inaeleza kwa nini si kila mtu mwenye mtaji anaamka asubuhi na kufungua kiwanda cha polikaboneti. Kuna njia nyingine ya kuipika bila fosjini na viwanda kadhaa duniani vinaitumia. Sisi kiwandani tulipokea punje zilizokwisha kutengenezwa, magunia ya kilo 25, angavu, zinateleza mkononi.

Sasa tufike kwenye maji.

Mzee aliyekuwa mkuu wa zamu yangu hakuwa na salamu nyingi. Ukimwamkia, jibu lake lilikuwa swali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekausha?"

"Nimekausha, mzee."

"Tangu saa ngapi?"

Hapo usipokuwa na saa ya kumtajia, mashine haiwashwi. Punje za polikaboneti hunyonya unyevu hewani. Kidogo sana, huwezi kuuona wala kuugusa, lakini ukizipeleka kwenye mashine zikiwa hivyo, kwenye joto la digrii 280 hadi 320, yale maji yanaikata minyororo. Kwa hiyo kabla ya kazi zinakaa kwenye draya, digrii 120, saa tatu hadi nne, mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 0.02. Na ukishazikausha usizimwage kwenye hopa, yaani chombo cha kulishia mashine, kikiwa wazi ukaenda kunywa chai. Hewa ya Dar es Salaam, hasa masika, inazirudishia unyevu upesi, na kazi yako yote ya usiku inakuwa bure.

Unyevu ukiwa mwingi unauona. Bidhaa inatoka na mistari ya fedha inayotawanyika kutoka pale plastiki ilipoingilia kwenye kalibu, au vijipovu. Hiyo ni bahati, maana unaitupa kando. Balaa ni ule unyevu wa wastani. Bidhaa inatoka safi, inang'aa, mkaguzi anaipitisha, inafungwa kwenye boksi. Minyororo ndani imeshakuwa mifupi. Itavunjika kwa mtu mwingine, mji mwingine, kwa pigo dogo ambalo lilipaswa kuwa si kitu. Mzee aliziita hizo "maiti zilizopakwa mafuta", na alikuwa na desturi ya kuchukua bidhaa moja katika kila boksi na kuibana kwenye jiliwa mpaka ipinde. Iliyokauka vizuri inapinda na kugeuka nyeupe kwenye kona. Iliyolowa inakatika kwa sauti kavu.

Jambo la pili lililotutofautisha na wenzetu wa mashine za jirani waliokuwa wakitengeneza ndoo na mabeseni, ni uzito wa uji wenyewe. Polikaboneti ikiyeyuka haitiririki kirahisi, inataka kusukumwa kwa nguvu nyingi, na kalibu lazima iwe ya moto: digrii 80 hadi 120. Za kwetu zilipashwa kwa mafuta yanayozungushwa ndani. Mtu mgeni anashangaa, kwa nini upashe moto kalibu wakati unataka plastiki ipoe? Kwa sababu ikikutana na chuma baridi, ngozi ya juu inaganda kabla minyororo haijatulia, na inabaki imevutwa. Macho hayaoni kitu. Ule mkazo umelala ndani unasubiri.

Tulikuwa na njia ya kuuamsha. Unachukua bidhaa iliyopoa, unaichovya kwenye mchanganyiko wa propanoli na toluini kwa dakika chache, unaitoa na kuitazama kwenye mwanga. Penye mkazo panachora nyufa nyembamba zenye kung'aa. Ukizidisha toluini, hata mkazo mdogo unajitokeza. Bidhaa iliyotulia inatoka kama ilivyoingia. Sijawahi kuona kipimo kingine kiwandani kilichonifurahisha hivyo, maana kinaonyesha kitu ambacho hata ukipiga nyundo wiki nzima hutakiona.

Umeme ukikatika ghafla, mbio zilikuwa za mashine ya polikaboneti kwanza. Hii plastiki hushika chuma vibaya sana. Ukiiacha ipoe kabisa ndani ya pipa la mashine, inajikunja huku imeshikilia, na inaweza kubandua vipande vya ngozi ngumu ya lile pipa. Skrubu ya mashine na pipa lake si vitu unavyokwenda kununua Kariakoo. Kwa hiyo kama ni kusimama kwa muda mrefu unaisafisha kwa kupitisha polithini, na kama ni kusimama kwa usiku mmoja unaacha hita kwenye digrii 160 au 170 isigande. Bila umeme hakuna hita. Basi ni jenereta, dua na kukimbia.

Mkazo uliolala ndani ndio unaonipeleka kwenye helmeti za bodaboda. Helmeti nyingi za bei ya kawaida, ganda lake ni polikaboneti au plastiki nyingine iitwayo ABS. Kijana ananunua nyeusi, anaipeleka kwa mchoraji wa pembeni, anapigwa rangi ya timu yake, Simba au Yanga, kwa rangi ya kupuliza iliyochanganywa thina. Inapendeza. Lakini thina inaingia kwenye plastiki, inakutana na ule mkazo, na nyufa zinaanza pale kwenye matundu ya rivet za mkanda, chini ya rangi, asizione mtu. Petroli inafanya hivyo hivyo. Wapo wanaofutia helmeti kwa kitambaa kilicholowa petroli. Ndani ya helmeti nyingi kuna kibandiko kinachosema usipake rangi, usitumie petroli, usibandike stika. Kimeandikwa kwa herufi ndogo na ndicho kitu cha kwanza kubanduliwa, eti kinakwaruza kichwa. Ukitaka kuisafisha, maji na sabuni ya kawaida vinatosha.

Asetoni ndiyo mbaya kuliko zote. Tone moja la kiondoa rangi ya kucha chenye asetoni kwenye kipande cha polikaboneti kilichopindwa, na utaona kinapasuka mkononi mwako bila kupigwa.

Haya, juu ya paa.

Shiti ninazofunga zaidi ni zile zenye matundu ndani, kuta mbili zilizounganishwa kwa mbavu, unene wa mm 6 au 10. Zinatengenezwa kwa kusukumwa mfululizo kupitia mdomo wa chuma wenye umbo hilo, zinapoa zikitembea, kisha zinakatwa. Upana ni mita 2.1 na urefu mara nyingi 5.8, na huo urefu si wa bahati mbaya: kontena la futi 20 kwa ndani ni mita 5.9. Meli ndiyo imepima paa lako.

Mama mmoja wa Mbezi aliniwekea kiti chini ya mwembe akawa ananitazama nikifanya kazi mwanzo hadi mwisho, na sikumlaumu, maana fundi aliyetangulia alikuwa amemwachia maumivu.

"Fundi, mbona unatoboa tundu kubwa kuliko skrubu? Mvua si itapita?"

"Haipiti mama, washa ya mpira itaziba."

"Basi si utoboe saizi yake tu?"

"Shiti inatembea, mama. Mchana inarefuka, usiku inafupika."

"Inatembea kwenda wapi?" Akacheka, kisha akanyamaza akifikiri, kisha akasema, "Ndiyo maana ile ilikuwa inalia usiku."

Ndiyo maana. Polikaboneti hurefuka milimita 0.065 kwa kila mita kwa kila digrii moja ya joto. Chukua shiti ya mita 5.8, usiku digrii 22, saa saba mchana kwenye jua imefika 60 na kitu. Hiyo inarefuka milimita 15. Chuma kilichoishikilia, kwa joto hilo hilo, kinarefuka chini ya milimita 3. Tofauti hiyo lazima iende mahali. Ukiwa umetoboa tundu la mm 10 kwa skrubu ya mm 6, shiti inateleza chini ya washa na hakuna neno. Ukiwa umetoboa la kubana, na drili ya umeme ukaikaza mpaka washa ikajipinda, basi kila siku jua linaivuta na kila usiku linaiachia, na ufa utaanzia pale pale kwenye tundu. Ile sauti ya kukatika-katika usiku ambayo wenye nyumba huisingizia paka, ni shiti inayojaribu kurudi mahali pake.

Washa zenyewe ziwe za mpira wa EPDM. Zile laini za PVC hutoa mafuta yake taratibu, na mafuta hayo yanaishambulia polikaboneti kama thina ya pole pole. Silikoni nayo, chagua ile isiyo na tindikali. Ukifungua ukasikia harufu ya siki, irudishe dukani au kafungie sinki. Na waashi, ndugu zangu, msiipakie plasta mbichi. Maji ya saruji ni alkali kali, na alkali hukata minyororo ile ile ambayo mvuke unaikata kiwandani. Nimeona paa zuri limekufa mstari mmoja tu, kwenye ukingo wa ukuta, mahali fundi ujenzi alipoziba pengo kwa saruji kisha akaondoka akiamini amefanya hisani.

Jua ni hadithi ndefu zaidi, lakini dawa yake ni fupi. Polikaboneti tupu ikipigwa na mionzi ya urujuanimno inageuka njano, kisha uso wake unakuwa mkavu, unachanika nyufa ndogo ndogo, mwanga unapungua. Kwa hiyo shiti nzuri hutengenezwa ikiwa na ngozi ya kinga iliyounganishwa nayo tangu kwenye mashine, unene wa kama mikroni 50, yaani sehemu moja ya ishirini ya milimita. Shiti nyingi zina ngozi hiyo upande mmoja tu. Upande huo hufunikwa kwa filamu yenye maandishi, na maandishi ndiyo yanayokwambia upande gani uelekee juu. Wapo mafundi wanaoibandua filamu chini ili wafanye kazi haraka, kisha wakifika juu hawajui upande upi ni upi. Hapo ni kamari. Na wapo wenye nyumba wanaoacha filamu mwezi mzima juu ya paa ili paa libaki jipya. Jua linaipika filamu mpaka inashikana na shiti, na kuibandua inakuwa kazi ya kucha. Mimi naikunja kidogo pembeni, nafunga, na siku hiyo hiyo naiondoa yote.

Mbavu ziteremke na mteremko wa paa, si kukingama. Ncha ya juu izibwe kwa utepe wa alumini usiopitisha kitu, na ya chini utepe wenye vitundu vidogo, ili mvuke unaojikusanya ndani upate pa kutokea na wadudu wasipate pa kuingilia. Bila hivyo, baada ya masika moja, ndani ya shiti kuna kijani kibichi, na hakuna ufagio unaofika huko. Ukiipinda kwa umbo la upinde, ipinde ikiwa baridi, kwa kufuata urefu wa mbavu, na usiilazimishe: shiti ya mm 10 inataka nusu kipenyo cha mita 1.75 au zaidi. Ukiibana kuliko hapo umeiwekea ule mkazo tuliokuwa tunautafuta kiwandani kwa propanoli.

Neno moja kuhusu joto, maana naulizwa kila wiki. Wauzaji husifia kwamba zile kuta mbili zinahifadhi joto. Ni kweli, na kwa mkulima wa Ulaya mwenye kitalu chake wakati wa baridi hilo ni jambo kubwa. Kwa kibaraza cha Tabata halikusaidii. Shiti angavu ya mm 6 inapitisha karibu asilimia 80 ya mwanga, na jua la saa saba likishaingia limeingia. Chukua rangi ya maziwa au ya shaba, na acha pengo la hewa juu ya ukuta. Mtu akikuuzia angavu kwa ajili ya sebule inayotazama magharibi, huyo hakutakii mema.

Nje ya mapaa, plastiki hii imejaa kila mahali na watu hawaijui. Boksi la mita ya umeme ukutani, mara nyingi ni yenyewe, kwa sababu haivujishi umeme na ukiiwasha moto inajizima. Ganda la ile mashine ndogo ya mviringo inayochuja damu ya wagonjwa wa figo. Ngao za polisi wa kutuliza ghasia. Ukurasa mgumu wenye picha katika pasipoti za nchi nyingi, ambako jina linachorwa kwa leza ndani ya tabaka ili lisifutike. Ukichanganya na ABS unapata makasha ya kompyuta na televisheni. Kofia angavu za wanaanga wa Apollo zilikuwa polikaboneti, na kioo cha juu cha ndege ya kivita F-22 vilevile. Miwani ya kazi ninayovaa ni hiyo hiyo; inakinga jicho vizuri kabisa, ila nikitazama taa kwa pembeni naona rangi zimeachana kidogo, na huo ni udhaifu wake halisi kwenye lenzi.

CD nayo. Kiwanda cha Philips pale Langenhagen, karibu na Hannover, kilianza kuzitengeneza Agosti 1982: milimita 120 kwa upana, unene 1.2, na vijishimo vya muziki vinachapwa papo hapo plastiki inapoingia kwenye kalibu. Ukifikiria ugumu wa kuisukuma polikaboneti iliyoyeyuka ijaze vishimo vyenye upana wa nusu mikroni, kwa sekunde chache, bila kuacha mkazo utakaopindisha mwanga wa leza, utaiheshimu ile sahani ya filamu za Bongo unayofukuzia ndege shambani.

Taa za magari zinanihusu zaidi kwa sababu zinachekesha. Tumejaa magari yaliyotumika kutoka Japani, na lenzi ya taa ya mbele ni polikaboneti iliyopakwa ngozi ngumu ya kinga. Jua linaimaliza ngozi, taa inakuwa njano. Anatokea kijana barabarani na msasa, maji na dawa ya meno, dakika kumi taa imekuwa mpya, umemlipa. Kazi yake ni nzuri, simdharau. Ila ameondoa mabaki ya ngozi pamoja na unjano, na asipopaka kinga nyingine, jua sasa linakutana na polikaboneti uchi. Miezi michache mbele mtaonana tena, na atakusalimia kwa jina.

Na madumu ya maji ya lita 18.9, yale ya kugeuza juu ya mashine ya maofisini. Yale magumu yenye kung'aa, chini yana pembetatu yenye namba 7, mengi ni polikaboneti. Hapa ndipo inaporudi bisfenoli A. Kiasi kidogo sana kinaweza kutoka kwenye plastiki na kuingia kwenye maji, na kinatoka zaidi kukiwa na joto, au plastiki ikiwa imeshaanza kuoza kwa alkali. Umoja wa Ulaya uliizuia kwenye chupa za watoto wachanga mwaka 2011, Marekani ikafuata mwaka 2012, na Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha marufuku pana zaidi kwa vyombo vinavyogusa chakula, huku ukiacha muda wa mpito. Mimi si daktari. Ninachokijua ni cha plastiki: dumu lililooshwa mara nyingi kwa magadi makali na maji ya moto, likapakiwa kwenye guta na kuzungushwa juani, limechoka. Likiwa limefifia na kujaa mikwaruzo kama ukungu, nisingelipokea. Mtoto wangu hanywi humo, ananywea chupa ya chuma, na hapo sihitaji kubishana na mtu.

Sasa ukienda dukani, iache nyundo mezani. Omba mizani. Shiti ya mm 6 yenye kuta mbili, ya kiwango cha kawaida, ina kilo 1.3 kwa mita moja ya mraba. Kwa mita 2.1 mara 5.8 hiyo ni kilo 15 na nusu kwenda 16. Zipo za bei nafuu zilizotengenezwa nyembamba ndani, kwa unene wa nje bado ni mm 6 kamili ukipima kwa kaliba, lakini kilo zinashuka hadi 12. Hizo ndizo zinazoyumba upepo wa kusi ukivuma. Pili, omba taa ya kukagulia noti. Kila duka Kariakoo linayo kwenye droo ya pesa. Watengenezaji wengi huweka kitu kinachong'aa kwenye ile ngozi ya kinga ili kiwanda chenyewe kiweze kuikagua, kwa hiyo mulika ukingo na pande zote mbili uone kama kuna upande unaowaka rangi ya buluu. Isipowaka upande wowote, usikimbie bado, muulize muuzaji karatasi ya mtengenezaji. Asipokuwa nayo, ondoka. Na ukinunua, siku ya kufunga kata kipande cha filamu chenye jina na namba ya toleo, kibane pamoja na risiti. Dhamana nyingi za shiti hizi ni miaka 10, na bila kile kipande hakuna atakayekusikiliza mwaka wa tatu zikianza kuwa njano.